Kware wa kizimbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwaboreshea makazi

Majibu haya ni ya mfugaji mwenye kware wa Kijapani kwenye vizimba vya waya, awe nao 12 nyuma ya jiko au 600 bandani. Vipimo ni vya kware mkubwa wa mayai, mwenye gramu 150 hadi 200. Kama wako ni wa nyama na wanafika gramu 300, ongeza nafasi kwa theluthi.

Kuboresha makazi ya kware maana yake nini? Si nikiwapa chakula, maji na usafi inatosha?

Chakula, maji na usafi vinamweka hai. Ila kware huyuhuyu anayetaga kizimbani kwako bado ana mwili wa ndege wa nyasini: anatembea chini, anachakura, anajigaragaza kwenye vumbi, anajificha chini ya majani akisikia kishindo, na anatafuta mahali penye kivuli pa kutagia. Kizimba kitupu cha waya hakimpi hata kimoja kati ya hivyo. Hamu haiishi kwa kukosa pa kuitimizia. Utamwona anajigaragaza juu ya waya mtupu, au anarusha chakula kifuani kana kwamba ni mchanga. Kuboresha makazi ni kumwekea kitu halisi cha kufanyia hayo.

Kosa la kwanza la wengi ni kumchukulia kware kama kuku mdogo. Wanamwekea fito za kulalia. Kuku atapanda, kware hana habari nazo, analala chini. Fito inabaki kula nafasi na kumgonga kichwa. Wengine wananing'iniza sidii na vifuniko vya soda vinavyometameta. Ndege hushtuka siku ya kwanza, siku ya tatu hawavitazami tena.

Kizimba kimoja kiwe na kware wangapi?

Chukua karatasi ya A4, iweke sakafuni. Hiyo ina takriban sentimita za mraba 620. Kwenye vizimba vingi vya biashara kware mmoja hupewa sentimita za mraba 150 hadi 200, yaani karatasi hiyo ikatwe vipande vitatu au vinne. Hapo hata ukiweka vifaa vizuri namna gani havitatumika, maana hakuna pa kusimama.

Kizimba cha sentimita 100 kwa 60 kina sentimita za mraba 6,000. Weka kware 12, kila mmoja apate 500. Ukiwa na 15 wanapata 400, na huo ndio ukomo kama unataka kuweka bafu la vumbi na maficho. Anayekataa kupunguza ndege asijisumbue na yanayofuata. Nafasi ndiyo ya kwanza.

Kware wangu wanaruka ghafla na kujipasua kichwa. Nifanyeje?

Kware akishtuka hakimbii pembeni, anafyatuka kwenda juu wima. Porini hilo humwokoa. Kizimbani anakutana na waya, na ngozi ya kichwa huchunika hadi mfupa kuonekana. Hatari zaidi ni kizimba cha urefu wa kati, sentimita 40 hadi mita 1 na zaidi kidogo, kwa sababu kinampa nafasi ya kupata kasi kabla ya kugonga. Ama kiwe kifupi, sentimita 25 hivi, ama liwe banda la kuingia mtu, mita 1.8 au zaidi.

Kwa kizimba kilichopo, tandaza wavu wa kivuli wa bustani chini ya dari, ukiacha sentimita 3 au 4 kati yake na waya, uukaze kwenye pembe nne kwa waya mwembamba. Usiufunge kwa kamba zinazoning'inia. Wavu ukilegea hadi kugusa migongo yao, wataudonoa na kuutoboa. Ushushe na kuufua mara moja kwa mwezi, kwa kuwa unashika vumbi na manyoya.

Kisha tafuta kinachowashtua. Mara nyingi ni mtu anayejitokeza ghafla kwa juu, paka anayepita kwenye kenchi, au mlango wa bati unaobamizwa na upepo. Mzoee kuongea kidogo kabla hujaingia bandani, na uvae nguo ya rangi ileile. Inaonekana ni mzaha, lakini kware anatambua koti jipya.

Bafu la vumbi ninalitengenezaje?

Hiki ndicho kifaa kinachotumika kuliko vyote, kwa hiyo kifanye vizuri.

Tafuta sinia la plastiki au kisanduku cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 20, kimo cha sentimita 8. Upande mmoja ukate ubaki sentimita 5, hapo ndipo watakapoingilia. Lainisha ukingo kwa msasa. Kisanduku kimoja kinatosha kware 6 hadi 8. Kwa 12 weka viwili. Ukiweka kimoja, wababe wawili wanakimiliki na wengine wanabaki pembeni wakitazama.

Jaza hadi sentimita 4, yaani lita mbili na nusu hivi. Mchanganyiko unaofaa ni mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa, sehemu tatu, na majivu ya kuni yaliyopoa kabisa, sehemu moja. Majivu husaidia kupambana na utitiri na chawa, ila yakizidi hukausha ngozi, na yakilowa hugeuka magadi yanayounguza macho na miguu. Yawe ya kuni tupu. Majivu ya jiko lililochomewa mifuko ya plastiki, mbao za rangi au takataka usiyaguse.

Kwa walio pwani: mchanga wa ufukweni una chumvi, na kware anameza punje anapooga. Tumia wa mtoni. Kama hakuna, uoshe wa ufukweni kwa maji baridi mara kadhaa, ukiuonja mpaka usisikie chumvi, kisha uuanike hadi ukauke kabisa.

Mchanga ukiwa na unyevu hawaogi, wanautumia kama choo. Kamata konzi moja, ukaze, ufungue mkono. Ukibaki donge, rudisha juani.

Sasa saa. Kuku wengi hutaga asubuhi. Kware wengi hutaga kuanzia takriban saa 9 alasiri hadi giza linapoingia. Bafu likibaki ndani muda huo, jike atalifanya kiota. Utaokota mayai mchangani, mengine yamefukiwa, mengine yamekanyagwa. Kwa hiyo liweke saa 3 asubuhi, litoe saa 7 mchana. Dakika za mwanzo kutakuwa na msukumano. Usiwaondolee; baada ya siku chache kila mmoja anapata zamu.

Anayeoga kwelikweli unamjua: analala ubavu, anapigapiga mchanga kwa bawa hadi uingie chini ya manyoya, ananyoosha mguu mmoja nyuma, anafumba macho, kisha anasimama na kujikung'uta wingu zima. Anayechota mchanga kwa mdomo tu bado anachunguza.

Chekecha kila siku unapolitoa. Badilisha mchanga wote kila wiki, au siku hiyohiyo ukiona kinyesi cha majimaji.

Mchanga unaanguka kwenye safu ya chini na kuziba vinywesheo. Niache?

Usiache, hamisha. Maji yawe ncha moja ya kizimba, bafu ncha ya pili. Chini ya bafu tandika kipande cha plastiki kigumu kinachozidi kisanduku kwa sentimita 10 kila upande, utumie kukusanyia. Kinachodondoka kwenye sinia la kinyesi si hasara: kinakausha kinyesi, harufu ya amonia inapungua. Vinywesheo vya chuchu vilivyo chini ya safu ya bafu vikague kila jioni kwa kidole. Chuchu moja iliyoziba kwa punje ya mchanga inaweza kuacha kizimba kizima bila maji usiku kucha.

Maficho yaweje?

Yawe na milango miwili. Hili halina mjadala. Kasha la mlango mmoja ni mtego: kware dhaifu anaingia kujificha, mbabe anamfuata, na hana pa kutokea.

Kasha la plaiwudi lisilo na sakafu, sentimita 25 kwa 20, kimo cha sentimita 16, lenye matundu ya kupitia ya sentimita 10 pande mbili zinazotazamana, linatosha ndege wanne au watano. Ndoo ya lita 10 iliyopasuliwa kwa urefu na kulazwa kifudifudi inafaa pia, mradi makali ya plastiki uyavishe mpira wa bomba uliochanwa. Nusu ya chungu kilichovunjika ni nzuri kwenye joto kwa kuwa hubaki baridi, ila ni nzito. Hakikisha waya wa sakafu unaibeba.

Njia rahisi kuliko zote ni pazia: vipande vya turubai vya upana wa sentimita 3 vikining'inia kutoka darini na kuishia sentimita 4 juu ya sakafu, vikitenga kona moja. Jike anayetaka kutaga huingia nyuma yake. Weka hapo mkeka mdogo wa plastiki au nyasi kavu kidogo, na uokote mayai mara mbili: saa 11 jioni na kabla ya kuzima taa.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, maficho yaliyozibwa kotekote yanageuka tanuri. Ukiona kware wametanua mabawa na kuhema midomo wazi, toboa matundu ya hewa juu au ubaki na pazia tu.

Nawapa nini cha kuchakura?

Kware wa kizimbani anamaliza gramu zake 20 hadi 25 za chakula cha siku kwa muda mfupi, kisha anakaa bure. Mkono wa bure kizimbani ni mdomo kwenye kichwa cha mwenzake. Basi mtafutie kazi.

Asubuhi, baada ya kula chakula cha kawaida, nyunyiza ulezi, uwele au mtama uliovunjwa kwenye sinia lenye maranda ya sentimita 3. Gramu 1 hadi 2 kwa kila ndege, isizidi. Chakula cha kware wa mayai kinahitaji protini ya karibu asilimia 20 na kalsiamu ya asilimia 2.5 hadi 3. Ukiwashibisha nafaka unavipunguza vyote viwili, na wiki ya pili utaanza kuokota mayai yenye ganda laini.

Mboga za majani, kama mchicha, sukuma wiki au majani ya kabichi, zifunge kwa klipu kwenye ukuta wa waya, sentimita 12 kutoka sakafuni, kimo cha mdomo. Zikitupwa chini wanazikanyaga na kuzinyea. Zikiwa ukutani wanazichana kidogokidogo kwa muda mrefu. Toa mabaki jioni. Kumbikumbi msimu wa mvua, au funza wa nzi weusi waliofugwa kwa usafi, ni karamu: wawili watatu kwa ndege mmoja. Kumbikumbi waliokotwe mahali pasipopuliziwa dawa.

Anayekula nafaka nzima na majani anahitaji punje za kusagia firigisini. Mchanga wa chengachenga wa milimita 1 hadi 2 kwenye kikombe kidogo unatosha. Parachichi, vyakula vya chumvi na makombo yenye ukungu ni marufuku.

Sakafu ya waya si ndiyo usafi wenyewe? Kwa nini niibadilishe?

Swali la haki. Waya hudondosha kinyesi, na hilo linamkinga kware dhidi ya koksidiosisi, yaani kuhara kunakoletwa na vimelea vya utumbo, na ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaoletwa na bakteria Clostridium colinum, ambao unaua kware upesi kuliko ndege wengi. Anayekuambia ung'oe waya wote na kumwaga maranda kwenye kizimba kilichojaa hajawahi kuupasua utumbo wa kware aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Lakini waya mtupu unaumiza nyayo. Acha theluthi mbili waya wa matundu ya nusu inchi, usiotokeza ncha, na theluthi moja uifunike kwa mkeka wa mpira au nyasi bandia za plastiki fupi. Mkeka wa nyuzinyuzi zinazochomoka haufai. Kuwa na mikeka miwili kwa kila kizimba: mmoja ndani, mmoja umefuliwa na unakauka juani. Badilisha kila siku tatu.

Ukiona vidole vina madonge ya kinyesi kama kokoto, usiyavute. Kucha hutoka nayo. Loweka miguu kwenye maji vuguvugu dakika 5 hadi 10, bomoa donge kwa vidole polepole, kausha ndege kabla hujamrudisha, kisha utafute penye unyevu. Mara nyingi ni kinywesheo kinachovuja juu ya mkeka.

Wanadonoana na wengine wamepata vipara. Nikate midomo?

Angalia madume kwanza. Dume wa kware hupanda kwa kumng'ata jike manyoya ya kichwa na shingo. Madume wakizidi, majike yote yana vipara na hakuna ugonjwa wowote. Uwiano uwe dume mmoja kwa majike matatu au manne. Kama mayai ni ya kula, huhitaji dume hata mmoja. Kwa kware wa rangi ya asili, ukifika wiki ya tatu dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, na jike ana kifua cheupe cheupe chenye madoa meusi. Aliyekomaa ukimbonyeza nyuma, juu ya tundu la haja, dume hutoa povu jeupe.

Baada ya hapo angalia msongamano, mwanga mkali, protini pungufu na chombo cha chakula kifupi mno. Kila ndege apate angalau sentimita 2.5 za ukingo wa kulia. Aliyetoka damu mtoe siku hiyohiyo. Wekundu wa kidonda unawaita wote. Kumrudisha, mrudishe jioni taa zikififia, tena pamoja na kubadilisha mpangilio wa maficho, wote waonekane wageni.

Kukata mdomo kunamnyima kiungo anachochakuria, na chanzo kinabaki palepale.

Taa?

Saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku ndizo zinazodumisha utagaji. Karibu na ikweta tuna saa 12 hivi za jua, kwa hiyo unaongeza saa mbili hadi nne, na kuziongeza alfajiri kuna faida: machweo ya jua yanawatuliza wenyewe. Ukiongeza jioni, usizime taa kwa kishindo. Weka taa ndogo ya pili, hata ya sola, izimike nusu saa baada ya kubwa.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakowavunja vichwa wengi. Giza linaingia ghafla, wanatulia; umeme unarudi saa 5 usiku, taa zote zinawaka kwa pamoja, na bandani ni mlipuko. Taa ndogo hafifu inayotumia betri iache inawaka muda wote wa saa za mwanga wa ziada, na taa kubwa iwe na swichi ya saa isiyowasha usiku wa manane hata umeme ukirudi.

Vifaranga waanze lini?

Mapema kuliko unavyodhani. Kifaranga aliyekulia kwenye bruda tupu, yaani sanduku la kulelea vifaranga kwa joto, akiwekewa kasha akiwa na wiki saba analiogopa. Aliyekua nalo analikimbilia.

Siku tatu za kwanza sakafu iwe ya kitambaa kikavu au gunia lililofuliwa. Gazeti linateleza, na miguu hupanuka ikabaki hivyo. Kwenye sahani ya maji jaza kokoto safi, kwani kifaranga wa gramu 7 anazama kwenye kina cha kifuniko cha soda. Joto la wiki ya kwanza nyuzi 35 hadi 37, ushushe nyuzi 3 hivi kila wiki, huku upande mmoja wa bruda ukiwa na ubaridi zaidi ili wachague wenyewe. Kuanzia siku ya 7 weka kifuniko cha ndoo chenye mchanga wa sentimita 1 kwa saa moja, wakiwa wameshakula, wasije wakaugeuza chakula. Vumbi laini la mbao usitumie kabisa kwa umri huo. Katoni ndogo yenye milango miwili iwekwe tangu siku ya 5, ibadilishwe ikilowa.

Mayai yatapungua?

Kwa siku chache yanaweza, ukiingiza vitu vyote kwa mpigo. Weka kimoja, subiri siku nne au tano, weka cha pili. Fanya asubuhi, usifanye wanapotaga. Usitarajie kuwa bafu la vumbi litaongeza mayai. Unachopata ni majeruhi wachache, vifo vichache na mayai yaliyovunjika machache, na hivyo vyote ni fedha. Ganda la kware lina madoa yanayoficha uchafu, kwa hiyo yale yanayookotwa kwenye mchanga yatenge, usiyaoshe kwa maji baridi na usiyapeleke kwenye kitotoleshi.

Nikimlaza chali mkononi anatulia kabisa. Ndiyo dalili ya kuzoea watu?

Hapana, hapo anaigiza maiti. Ni kinga ya mwisho ya ndege aliyekwisha kukamatwa, na wanasayansi huitumia kupima hofu: kadiri anavyochelewa kusimama, ndivyo hofu inavyohesabiwa kuwa kubwa. Kituo cha utafiti cha Nouzilly nchini Ufaransa kilizalisha nasaba mbili za kware kwa kipimo hichohicho, moja ya wanaosimama upesi na nyingine ya wanaokaa muda mrefu. Yaani hofu kwa sehemu inarithiwa. Ukizalisha mwenyewe, chagua wazazi wasiofyatuka ovyo.

Redio inasaidia?

Ikiwa ya sauti ya chini na inawaka kila siku saa zilezile, inafunika vishindo vya ghafla. Ikiwashwa siku ya mpira tu kwa sauti ya juu, ni kishindo kingine.

Vitu gani nisiweke kabisa?

Nyuzi. Uzi wa gunia la nailoni, kamba ya katani iliyofumuka, wavu wa samaki. Unajizungusha mguuni, unakaza, na siku ya pili mguu ni mweusi. Kila asubuhi kagua kingo za kila kitu cha kitambaa. Pia nyasi au maranda yenye harufu ya ukungu, maana vimelea vyake hushambulia mapafu. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Na trei za mayai za karatasi zilizotumika kwenye banda la kuku, zinazoweza kuleta mdondo. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye kware na kuku.

Na ukiongeza mabaki ya nafaka bandani unawaita panya. Jihadhari na siafu pia. Miguu ya vizimba isimame kwenye makopo yenye maji na oili chafu juu yake. Siafu wakiingia usiku kwa ndege waliofungiwa, asubuhi hukuti cha kuokoa.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Daftari. Wiki mbili kabla hujaanza na wiki nne baada, andika kila siku: vifo, vichwa vyenye kidonda, mayai yaliyovunjika, chakula kilichomwagika. Mara moja kwa wiki wape alama za manyoya: 0 mzima, 1 manyoya yamechakaa, 2 kipara, 3 kidonda. Kisha kaa kimya mbele ya kizimba dakika 10, asubuhi na alasiri, uhesabu wangapi wanaenda na kurudi kando ya waya bila kuacha. Hao ndio kipimo chako. Kasha ambalo hakuna anayeliingia kwa wiki mbili lina kasoro: lisogeze mbali na mlango kabla hujalitoa.

Sheria inasema nini?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na wakati wa wimbi la kware la 2013 na 2014 wafugaji walitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti kabla hujanunua mbegu. Hata Ulaya kware amesahauliwa: agizo la 1999 lililoondoa vizimba vitupu vya kuku wa mayai kufikia 2012 halikumhusu.

Nina kware 600. Haya yote si ya wenye ndege kumi?

Kware 600 kwa 12 ni vizimba 50. Mapazia ya turubai na wavu wa dari unaviweka mara moja, vinakaa miezi. Kinachokula muda ni bafu. Tengeneza visanduku 50, vinavyotosha vizimba 25 kwa siku, viwili kila kimoja, na kila kizimba kipate siku moja kwa siku mbili. Hiyo ni lita 125 za mchanganyiko, karibu ndoo sita za lita 20. Ndege aliyekosa jana anaoga kwa bidii zaidi leo.

Ukibanwa sana, kizimba cha wagonjwa na cha wageni visamehewe, ila visilishwe wala kuogeshwa kwa vyombo vya wengine. Andika namba ya safu kwenye kila kisanduku kwa rangi isiyofutika, na mchanga wa safu ya 1 usiende safu ya 2. Utitiri husafiri ndani ya mchanga huohuo ulioletwa kuwaondoa.